UZI: Benki za Kiislamu, riba ya Benki Kuu na mkopo wa mkulima wa Kisii na Nyamira

1/ Siasa ikichangamka huku kwetu, iwe ni kwa matanga Bomachoge, harambee Borabu au kipindi cha asubuhi redioni, mjadala wa mikopo haukosi, na ndani yake kuna hoja mbili hukutana. Ya kwanza: "Benki zinatunyonya! Tuleteeni za Kiislamu, hazina riba na uchumi ukianguka haziguswi." Ya pili: "Hiyo ni riba iliyovalishwa kanzu, tena ni njia ya kuingiza dini serikalini." Kila moja ina ukweli nusu. Uzi huu unatenganisha nusu hizo. Hakuna mwanasiasa wala chama kitatajwa. Twende polepole. 🧵

2/ Utasema: mimi ni Msabato wa Nyansiongo, hii inanihusu nini? Mambo mawili. Moja, benki hizi haziulizi dini ukiingia mlangoni. Mbili, hoja yenyewe ni mkopo. Mashamba yetu ni madogo, yamegawanywa tangu enzi za babu, na hati ya shamba ndiyo dhamana ya wengi. Majani chai hulipa kidogo kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka, na hiyo bonasi yenyewe kila mwaka ni malalamiko kwamba viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vimelipwa zaidi. Marejesho ya mkopo hayangoji bonasi. Yakipanda ghafla ukashindwa, kinachofuata ni dalali.

3/ Kinachoyapandisha ni nini? Benki Kuu ya Kenya ina Kamati ya Sera ya Fedha. Kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi miwili na kutangaza riba ya msingi, ile hujulikana kama CBR. Bei za vitu zikipanda sana au shilingi ikilegea, kamati hupandisha CBR ili pesa iwe ghali, watu wakope kidogo, bei zitulie. Uchumi ukizubaa, huishusha. Benki za kawaida huangalia CBR kisha hupanga riba zao. Ndivyo uamuzi wa watu wachache Nairobi unavyofika hadi kwa mwenye duka la mbolea Keroka.

4/ Mfano mkali ni 2011. Mwanzoni mwa mwaka CBR ilikuwa asilimia 5.75. Ukame, mafuta ghali na shilingi kuporomoka vikasukuma mfumuko wa bei hadi karibu asilimia 20 mwezi Novemba. Kamati ikapandisha CBR hadi 11 Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Aliyekopa Januari kwa riba inayobadilika alifika Krismasi akilipa mkopo mwingine kabisa, na hakuwa ameongeza kukopa hata shilingi moja.

5/ Ikajirudia, ingawa kwa upole kiasi. Wakati wa corona, 2020, CBR ilishushwa hadi 7. Kutoka katikati ya 2022 ikaanza kupanda. Desemba 2023 ilikuwa 12.5, Februari 2024 ikafika 13. Shilingi ilikuwa imeanguka hadi dola moja inauzwa zaidi ya shilingi 160 mwezi Januari. Kuanzia Agosti 2024 ikashushwa kidogo kidogo, na Agosti 2025 ilikuwa 9.5. Kumbuka tarehe hizi, tutazirudia.

6/ Hebu tufanye hesabu. Mfano tu, si mtu halisi: mama wa Keroka anataka mashine ya kusaga unga ya shilingi 300,000. Benki ya kawaida inampa mkopo wa miezi 36 kwa riba ya asilimia 13 inayobadilika. Kila mwezi atalipa kama 10,110. Baada ya miezi 6, riba inapanda hadi 19. Sasa analipa kama 10,860. Ni 750 zaidi kila mwezi, na kwa miezi 30 iliyobaki ni shilingi 22,500 ambazo hakuzipangia. Mashine ni ile ile. Gorogoro za mahindi zinazoletwa ni zile zile, pengine zimepungua.

7/ Benki ya Kiislamu inafanya nini tofauti? Haimpi pesa akanunue. Inanunua mashine yenyewe, inakuwa mali yake, halafu inamuuzia kwa bei ya juu anayolipa polepole. Hii inaitwa murabaha. Tuseme inamuuzia kwa 363,960, yaani 10,110 kila mwezi kwa miezi 36. Faida ya benki ni 63,960, na mama anaijua siku ya kuweka sahihi. Baada ya hapo ni deni la biashara, kama deni la duka. Muuzaji hawezi kurudi miezi 6 baadaye na kusema "sukari niliyokuuzia imepanda, ongeza."

8/ Linganisha. Siku ya kwanza, wateja hawa wawili wanalipa sawa kabisa. Anayesema murabaha ni bei rahisi atuonyeshe hesabu, kwa sababu mara nyingi si rahisi, na benki inaweza hata kuanza juu kidogo maana ni yenyewe inabeba hatari ya mbele. Tofauti inaonekana CBR ikitikisika. Ikipanda, wa murabaha yuko palepale. Ila ikishuka pia yuko palepale: jirani yake wa riba inayobadilika akishushiwa kutoka 13 hadi 10, atapunguziwa kama 365 kwa mwezi, yeye hatapunguziwa kitu. Aliyefunga bei Februari 2024 alipishana na nafuu yote iliyofuata.

9/ Tahadhari: si kila mkataba wa Kiislamu umefungwa bei. Kuna ijara, ambapo benki inabaki na mali na wewe unalipa kodi hadi mwisho uimiliki. Kodi hiyo inaweza kuwekewa kipengele cha kupitiwa upya kila muda fulani, na hapo soko likipanda nayo inapanda. Kuna musharaka, wewe na benki mnaweka mtaji pamoja, mnagawana faida kwa makubaliano na hasara kulingana na mtaji wa kila mmoja. Uislamu kwenye jina la mkataba haukuambii kama bei imefungwa. Kurasa za ndani ndizo zitakuambia.

10/ Turudi kwa lile la "riba iliyovalishwa kanzu". Ile faida ya 63,960 benki iliitoa wapi? Enyewe, iliangalia soko. Iliangalia wenzake wanatoza ngapi na CBR iko wapi, ikapima. Kwa hivyo anayesema bei ya benki ya Kiislamu hufuata riba ya soko hajakosea. Anachoruka ni upande wa pili: benki ni lazima imiliki mali kabla ya kuuza, na mashine ikiungua kwenye lori kabla mama hajaipokea, hasara ni ya benki. Na bei ikishakubaliwa, deni haliruhusiwi kukua. Hizo ni tofauti unazoweza kuhesabu kwa shilingi.

11/ Pia, kufunga bei si siri ya Waislamu peke yao. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na hazibadilishi kila CBR inapotikisika. Walimu na wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wako huko tayari. Mkopo wa simu nao unafunga bei: M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Haibadiliki njiani, lakini hesabu kwa mwaka uone. Kwa hivyo swali huwa ni mawili: imefungwa? Na imefungwa kwa ngapi?

12/ Sasa tuingie jikoni mwa benki, kwa sababu huko ndiko wanasiasa hawaingii. Benki ya Kiislamu nayo inategemea waweka akiba. Hawalipwi riba, wanagawana faida na benki kwa uwiano uliokubaliwa, tuseme 60 kwa 40. CBR ikipanda, benki jirani zinaanza kuwalipa waweka akiba wao vizuri. Mwenye akiba kwenye benki ya Kiislamu anaangalia, anapiga hesabu, na baadhi wanahama. Imani inawashika wengine, lakini si wote.

13/ Benki iko kwenye kona. Mapato yake yamefungwa kwenye zile murabaha za zamani, haiwezi kuwapandishia wateja. Waweka akiba nao wanataka zaidi. Mara nyingi itapunguza mgao wake yenyewe ili wasihame. Halafu itafanya mambo mawili: itapandisha bei ya mikataba mipya, na itapunguza idadi ya watu inaowapa. Hapo ndipo sera ya Benki Kuu inaingia benki ya Kiislamu. Haipiti kwa mteja wa zamani, inapita kwa mteja mpya. Aliye ndani amekingwa, aliye mlangoni ndiye anayelipa.

14/ Hii ndiyo hoja kuu ya uzi mzima, na ndiyo inayokosekana jukwaani. "Haziguswi" si kweli. Zinaguswa, ila maumivu yanagawanywa tofauti. Kwa benki ya kawaida yenye riba inayobadilika, ongezeko linagawanywa kwa wakopaji wote, wa zamani na wapya. Kwa murabaha, wa zamani anapumua, na kijana wa Ogembo anayetaka kununua pikipiki mwezi huo anaambiwa bei imepanda au arudi mwaka ujao. Ukiwa na mkopo tayari utaipenda. Ukiwa unatafuta wa kwanza, hutaona tofauti kubwa.

15/ Kuna jambo moja linalowapendelea wafanyabiashara. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilikuwa inakopa kwa hati za muda mfupi kwa zaidi ya asilimia 16. Kama wewe ni meneja wa benki, utamkopesha mwenye kibanda Daraja Mbili, ambaye huenda asilipe, ama serikali? Benki nyingi hujibu: serikali. Benki inayofuata sharia hairuhusiwi kununua hati za riba. Pesa zake ni lazima zitafute biashara halisi, mali, nyumba, gari, bidhaa. Kwa hivyo serikali ikikopa sana, haimezi pesa za benki ya Kiislamu kwa urahisi vile.

16/ Lakini shilingi ina pande mbili. Hati za serikali pia ndizo mto wa kulalia benki ikipata shida: inaziuza au inaziweka rehani, inapata pesa haraka. Benki za kawaida pia hukopeshana usiku kwa usiku kwa riba, na zikikwama huenda kwa Benki Kuu. Milango hiyo mingi ni ya riba, na benki ya Kiislamu haiwezi kuipita vivi hivi. Kwa hivyo inalazimika kukalia pesa taslimu nyingi zisizozaa. Wakati wa amani, hiyo ni hasara kidogo kidogo. Wakati wa hofu, waweka akiba wakikimbilia mlangoni, ni hatari ya kweli.

17/ Hapo tumefika kwa migogoro yenyewe. 2008, benki kubwa za Marekani na Ulaya zilianguka au kuokolewa kwa sababu zilikuwa zimenunua na kuuziana madeni ya nyumba, deni juu ya deni, hadi hakuna aliyejua lililomo ndani. Benki za Kiislamu zilikuwa nje ya mchezo huo kwa sababu sharia hairuhusu kuuziana deni kwa namna hiyo. Utafiti wa Shirika la Fedha Duniani, IMF, uliotoka 2010 ulilinganisha benki za aina zote mbili katika nchi 8, zikiwemo Saudi Arabia, Kuwait, Malaysia na Uturuki. Mwaka 2008 za Kiislamu zilifanya vizuri zaidi kwa faida.

18/ Wanasiasa huishia hapo. Utafiti ule ule unaendelea: 2009 faida za benki za Kiislamu zilishuka zaidi kuliko za wenzao katika baadhi ya nchi, kwa sababu ya udhaifu wa kusimamia hatari. Mgogoro ulikuwa umetoka kwenye makaratasi ya Wall Street ukaingia kwenye ardhi na nyumba, na huko ndiko zilikuwa zimeweka pesa nyingi. Novemba 2009, kampuni ya serikali ya Dubai World iliomba wadai wake wasubiri. Kampuni yake ya nyumba, Nakheel, ilikuwa na sukuk, yaani hati za uwekezaji za Kiislamu, zinazoiva Desemba. Abu Dhabi ikaingia na dola bilioni 10 ndipo zikalipwa.

19/ Funzo kwa Kisii ni la moja kwa moja. Mji wetu umejaa ghorofa za kupanga, kutoka Nyanchwa hadi Jogoo. Benki ikiweka pesa zake zote kwenye ghorofa, halafu wapangaji wakahama au bei ya ploti ikashuka, haijalishi mkataba ulikuwa wa riba au wa ijara. Nyumba ni tupu tu. Sharia inazuia baadhi ya makosa ya benki, haizuii yote. Haizuii kuweka mayai yote kwa kikapu kimoja, na haizuii meneja mbaya.

20/ Meneja mbaya na hofu ya watu vimeangusha hata za Kiislamu. Uturuki, Februari 2001, katikati ya mgogoro wa fedha wa nchi hiyo, taasisi ya Kiislamu ya Ihlas Finans ilinyang'anywa leseni. Waweka akiba walikuwa wameikimbilia, nayo haikuwa na mto wa kutosha. Hapa Kenya, Chase Bank ilikuwa na kitengo chake cha Kiislamu, Chase Iman. Aprili 2016 benki iliwekwa chini ya mrasimu, na wateja wa Chase Iman wakafungiwa pesa zao pamoja na wengine wote. Kitengo ni chumba ndani ya nyumba. Paa likianguka, linaangukia kila chumba.

21/ Kidogo kuhusu ni nani tunaowazungumzia. Kenya ilitoa leseni za benki kamili za Kiislamu 2007: First Community Bank na Gulf African Bank, zikaanza kazi 2008, mwaka ule ule dunia inaungua. Dubai Islamic Bank ikaingia 2017. First Community baadaye ilinunuliwa na wawekezaji wa Premier Bank ya Somalia na sasa ni Premier Bank. Mbali na hizo, benki kubwa za kawaida zina vitengo, kama Sahl ya KCB, La Riba ya Absa na Saadiq ya Standard Chartered. Benki kamili zimejikita zaidi Nairobi, Pwani na Kaskazini Mashariki, na kwa mtu wa Nyamache, mara nyingi kilicho karibu ni kitengo ndani ya benki ya kawaida. Soma tena namba 20.

22/ Na tukizungumza ukubwa: sheria iliyopitishwa Desemba 2024 inataka kila benki Kenya ifikishe mtaji wa msingi wa shilingi bilioni 10 kufikia 2029, kutoka bilioni 1. Benki ndogo, za Kiislamu na zisizo, zitalazimika kutafuta wawekezaji au kuungana. Nia ni kuzifanya zistahimili mgogoro. Ila benki inayohangaika kutafuta mtaji si rahisi ifungue tawi Nyamira. Anayekuahidi tawi kesho, muulize kuhusu hiyo bilioni 10.

23/ Turudi kwa mama wa Keroka, akishindwa kulipa wakati wa mgogoro. Corona ilipoingia Machi 2020, Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya, na mikopo mingi sana ikapangwa. Kwa mkopo wa kawaida, kusogeza miezi mara nyingi ni kuongeza riba: unapumua leo, unalipa zaidi kesho. Kwa murabaha, kusogeza tarehe hakuruhusiwi kuongeza bei ya mauzo. Quran inahimiza mdaiwa aliyekwama apewe muda. Na faini ya kuchelewa, ikitozwa, haiwi faida ya benki, inapelekwa kwa hisani. Kwa familia ambayo shamba lake ndilo dhamana, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

24/ Lakini usidanganywe kwamba shamba haliuzwi. Murabaha nayo inachukua dhamana. Ukiacha kulipa kabisa, hati ya shamba iko kwenye sefu ya benki na dalali anajua njia. Tena, hata wakopaji wa benki za kawaida wana kinga ambayo wengi hawaijui: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinasema mkopo ukishakuwa mbaya, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwepo siku hiyo. Ukidaiwa 200,000 mkopo unapoharibika, riba itasimama kwa 200,000 nyingine. Mpitishie jirani hiyo sentensi.

25/ Na lile la kuingiza dini serikalini? Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Benki za Kiislamu zina leseni ile ile, zinasimamiwa na Benki Kuu ile ile, na akiba yako inakingwa na Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hadi shilingi 500,000 kama benki nyingine yoyote. Zina bodi ya masheikh ya kukagua mikataba, lakini bodi hiyo inaibana benki. Haina mamlaka juu yako. Kununua mashine kwa murabaha hakukufanyi Mwislamu, kama vile kulala hospitali ya Wakatoliki hakukufanyi Mkatoliki.

26/ Kuna mkataba mmoja ambao ungefaa wakulima wetu na hausikiki jukwaani: salam. Mnunuzi analipa pesa zote leo, mkulima analeta mazao msimu ukifika. Majani chai ya viwanda vya KTDA ni ngumu kuyafanyia hivyo kwa sababu yana utaratibu wake. Parachichi, maharagwe, mahindi, inawezekana. Sudan benki ziliwahi kutumia salam kwa wakulima, na shida ikaonekana pale bei sokoni ilipopaa juu ya bei ya mkataba: mkulima anatoa mzigo wa bei ya leo kwa pesa za bei ya zamani. Kwa hivyo mkataba mzuri unaweka kipengele cha kufidiana bei ikiruka mno. Hakuna mkataba usio na mwenye kuumia. Swali ni kama mmekubaliana mapema nani na kiasi gani.

27/ Sasa mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba linaweka sera ya fedha na mambo ya benki kwa serikali ya kitaifa. Gavana wa Kisii hawezi kushusha CBR. MCA wa Nyamira hawezi kutoa leseni ya benki. Hata mbunge ana sauti moja tu katika kutunga sheria. Lakini vyama vya ushirika ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo kaunti inaweza kusaidia sacco zilizopo zijifunze kuuza kwa bei iliyofungwa, au kupanga marejesho yafuate bonasi badala ya mwisho wa mwezi. Hilo ni dogo kuliko "kufuta riba", ila linawezekana.

28/ Ukikutana na mgombea anayeahidi benki isiyo na riba, muulize haya:
▪️ Hiki unachoahidi kiko ndani ya mamlaka ya kiti unachotafuta?
▪️ Bei itafungwa siku ya sahihi, au itapitiwa njiani?
▪️ CBR ikipanda, mtapunguza kukopesha wapya? Nani atabaki nje?
▪️ Nikichelewa mwezi mmoja, deni linakua? Faini inaenda wapi?
▪️ Ni benki kamili au kitengo? Pesa za benki mama ziko kwenye nini?
Akijibu matatu bila kupaza sauti, msikilize.

29/ Kwa kifupi. Benki ya Kiislamu iko chini ya mvua ile ile ya Benki Kuu. Imejenga paa tofauti: aliyeingia na murabaha haloi CBR ikipanda, na hapati jua ikishuka. Mgogoro ukitokea kwa makaratasi ya madeni, iko salama kuliko wenzake. Ukitokea kwa ardhi, kwa hofu ya waweka akiba au kwa meneja mwizi, inaumia kama wengine. Si muujiza, na pia si ulaghai. Ni chombo, na chombo kinapimwa kwa kazi unayotaka kukifanyia.

30/ Kama una mkopo sasa hivi, leo jioni toa ule mkataba kwenye droo utafute neno moja: "kubadilika". Uone riba yako ni ya aina gani kabla mkutano ujao wa kamati. Halafu tuandikie hapo chini: ni sacco, benki, simu au chama, na ilipanda kiasi gani 2023 na 2024? Usitaje jina la mtu wala namba za akaunti. Uzi ujao: bonasi ya majani chai, nani hupanga bei na kwa nini yetu huwa chini. Sambaza kwa group ya familia.